Bakuli la Fundi wa Maabara

Ningekataa. Ndilo neno ninaloamka nalo siku hizi, na limechelewa miaka kumi na tisa. Mkuu wa shule aliponiambia, "Bwana Stoo, si huwa wanaitika wakigongewa? Waite basi," nilipaswa kumjibu kwamba bakuli si langu. Badala yake nilikwenda maabara, nikalitoa msumarini lilipoangikwa, nikachukua na kijiko chake, nikashuka bwawani. Nitasimulia nilichofanya huko. Lakini kwanza nieleze habari za mwenye bakuli, maana asiyemjua atadhani niliwakosea samaki tu.

Tulimwita Fundi. Katika shule ya sekondari ambako mimi nilitunza stoo, hapa Ifakara, yeye alikuwa mhudumu wa maabara. Aliosha chupa, alichanganya kemikali, alikamata vyura wa mitihani, na jioni alifunga madirisha. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na cheti nilichokitia kwenye fremu, lakini karibu kila ninachokijua kuhusu viumbe nilikipata kwake, nimekaa kwenye kigoda.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Mfuko wa kulia wa koti ulikuwa na pumba za mpunga siku zote, hata kanisani. Ukimuuliza swali alifumba jicho moja kwanza, kama mtu anayepima mstari wa ukuta, ndipo akajibu.

Bwawa lilikuwa nyuma ya maabara. Alilichimba mwenyewe pamoja na wanafunzi wa adhabu, akalitilia perege. Kila siku baada ya kengele ya chakula cha mchana alisimama ukingoni na bakuli lake la bati, akaligonga kwa kijiko mara tatu, akahesabu mpaka tano, kisha akatupa pumba. Siku za mwanzo samaki hawakujali. Baada ya majuma machache ukisikia tu ko-ko-ko, maji upande ule yalichemka kama ugali unaotaka kuiva.

Wanafunzi wa kidato cha tatu waliletwa kutazama. Aliwauliza, "Nani kawafundisha hawa?"

"Wewe, Fundi!"

"Mimi niligonga tu. Aliyewafundisha ni pumba. Bila pumba mimi ni mwehu mwenye bakuli."

Bakuli lile lilikuwa na sheria. Haligongwi bila chakula, na haligongwi kwa ajili ya kuvua. Alipotaka kitoweo, na alipenda sana kichwa cha samaki, alikwenda ncha ya mbali ya bwawa na ndoana, kimyakimya, bakuli likiwa msumarini. Niliwahi kumwambia anajisumbua bure. Angewagongea, wakaja, akachagua wanono.

"Nyie Wapogoro ndiyo maana samaki mnamwona sahanini tu," alisema. Yeye alikuwa Mndamba, na hakuacha nafasi ya kunikumbusha nani kati yetu alizaliwa mtoni. "Nikifanya hivyo nitashiba leo. Kesho nitagonga mpaka kijiko kipinde."

Sheria hiyo aliipeleka hata kwa watu, na ilimletea ugomvi. Siku moja tulikuwa tunatoka sokoni, mimi nakokota baiskeli, tukamkuta mama mmoja anamwita mwanawe mdogo aliyekataa kuondoka mtaroni. Mama amekunja ngumi: "Njoo uchukue karanga, njoo baba." Mtoto akaja mbio. Mama akamdaka mkono, na ngumi ilikuwa tupu. Fundi akavuka barabara.

"Mama, hebu mtazame usoni. Umeona alivyokutazama?"

"We mzee, kwako hakuna kazi?"

"Ipo. Subiri." Akaingia dukani, akatoka na karanga, akazimimina kwenye kiganja cha yule mama, si cha mtoto. "Mpe wewe. Leo hii, kabla ahadi haijapoa."

Mama akacheka, akampa mtoto. Sisi tukaendelea na safari mpaka daraja la Lumemo. Pale ndipo Fundi aliponisimulia kwa mara ya kwanza habari ya chembe.

Alipokuwa kijana, kabla ya kurudi bondeni, alifanya kazi ya kulea panya weupe katika maabara ya chuo kimoja mbali na huku. Wataalamu wa pale walikuwa wakipitisha uzi wa chuma mwembamba kuliko unywele kwenye kichwa cha panya mpaka ufikie chembe moja ya ubongo, moja tu kati ya zisizohesabika. Uzi uliunganishwa na spika. Kila chembe ile iliposhtuka, spika ililia tik.

"Panya akitulia," aliniambia, "unasikia tik moja moja, kama mvua inayojiuliza inyeshe au isinyeshe. Wanamwashia taa. Hakuna kitu, tik moja moja ileile. Halafu wanampa tone la maji ya sukari. Tikitikitikitik! Mpaka unacheka."

Wakaendelea siku kadhaa. Taa, sukari. Taa, sukari. Fundi akibadilisha maji na kufagia mavi ya panya, masikio yakiwa kwenye spika.

"Siku moja nikasikia imehama, Bwana Stoo. Ile tikitiki ilitoka kwenye sukari ikahamia kwenye taa. Taa ikiwaka tu, chembe inashangilia. Sukari yenyewe ikifika, inapokelewa kimya kimya, maana habari zake zilishafika."

Nilimuuliza ikawaje wakiwasha taa wasilete sukari. Akafumba jicho lake.

"Walifanya. Taa ikawaka, chembe ikashangilia. Tukasubiri. Ulipofika wakati uleule wa sukari, pale pale, chembe ikanyamaza. Haikurudi kwenye ile mvua yake ya moja moja. Ilinyamaza kabisa, kama mtu aliyevuta pumzi akasahau kuishusha. Kisha ikaendelea. Mtaalamu akaandika kitu kwenye karatasi. Mimi niliweka ndoo chini."

Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi. Nyumbani kwake alikuwa akiigiza kwa punje za mchele, akizidondosha juu ya mfuniko wa sufuria: moja, moja, kisha konzi nzima, kisha mkono ukibaki hewani bila kudondosha kitu. Mkewe, marehemu sasa, alikuwa akimfokea kwa kuchezea mchele. Lakini nilimwona naye akitazama ule mkono hewani.

Nisimfanye malaika. Mtu huyu ambaye hakuweza kumdanganya perege aliiba kete kwenye drafti mchana kweupe. Ulikuwa ukipiga chafya tu, kete yako haipo. Nilipomlalamikia alisema, "Nilikuahidi lini kwamba siibi?" Vyura aliwapasua bila huruma huku akiimba nyimbo za kwaya, tena sauti mbovu. Wanafunzi waliovunja chupa za maabara aliwasema mpaka walie.

Na aliogopa mbwa. Wakati mmoja, akiwa mtu mzima, mbwa alimng'ata paja karibu na stesheni ya treni. Tangu hapo kibwa cha kimo cha kuku kilitosha kumhamisha barabara. Nilimtania: wewe unayejua mambo ya ubongo!

"Najua ni chembe gani inanitetemesha," alisema. "Kujua hakuizimi. Chakula kinafundisha polepole, siku baada ya siku. Hofu inafundisha mara moja, basi, umehitimu."

Ajabu nyingine, katika mji huu ambao hata bibi harusi anaweza kupanda baiskeli, yeye hakujua kuendesha. Alitembea. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata. Jumamosi na Jumapili mchana, nikifika kona ya nyumba yao, nilipiga kengele ya baiskeli mara mbili. Nikifika mlangoni alikuwa ameshakisukuma kigoda kwa mguu kutoka chini ya meza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bwana Stoo. Kaa, nikuambie."

Kila mara alikuwa na la kuniambia. Sikuwahi kuketi pale nikaondoka mtupu. Mambo hayo yalidumu miaka zaidi ya ishirini, na sikujua kwamba ni kitu kinachoweza kuisha.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: ubongo haufuti, unafunika. Aliupata kwa panya walewale. Waliwashiwa taa bila sukari mpaka wakaacha kuijali. Wakaachwa majuma kadhaa. Taa ikawashwa tena, na panya wakaikimbilia chupa ya maji ya sukari. Alitaka kuonyesha jambo la namna hiyo kwa samaki, na nafasi ilimjia mwaka ule ambao walimu wa baiolojia wa sekondari za bonde, kuanzia Malinyi mpaka Chita na Mlimba, walipanga kukutana shuleni kwetu. Mwalimu wetu wa baiolojia alimwomba Fundi awafundishe saa moja. Yeye, wa darasa la saba, awafundishe walimu! Alishonesha shati.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Miezi mitatu bakuli lisigongwe. Samaki walishwe kwa kunyunyiziwa pumba hapa na pale, saa yoyote, bila ishara. Siku ya mkutano agonge mara tatu mbele ya walimu, na wale perege waje wenyewe kusema.

Mwezi wa tatu wa kimya chake mama yake alifariki huko Masagati. Akapanda treni mpaka Mlimba, na kutoka pale aende atakavyojua, maana ilikuwa masika. Kabla ya kuondoka alinikabidhi funguo za maabara.

"Pumba ziko kwenye debe. Nyunyiza tu. Usigonge, Bwana Stoo, hata kwa bahati mbaya."

"Nenda kazike, Fundi. Samaki niachie mimi."

Mvua ikakata barabara, akakwama huko majuma matatu. Ndani ya majuma hayo wakaja wageni wa kufungua bweni la wasichana. Gari lililokuwa lilete nyama lilizama kwenye tope njiani. Saa nne asubuhi mkuu wa shule akaja stoo, ametota, ameshika orodha ya wageni.

"Wageni wa heshima hawawezi kula maharage, Bwana Stoo. Bwawa lile lina samaki."

"Ni la Fundi, mkuu."

"Limechimbwa kwenye ardhi ya nani?"

Wapishi wawili wakaingia na wavu wakakokota mara mbili. Maji yalikuwa mengi na mazito kwa mvua, wakatoa matope na magugu. Hapo ndipo alipoyasema yale maneno: waite basi. Hakunitisha. Hakunitajia kazi yangu. Alinitazama tu kama mtu anayejua utasema ndiyo, na mimi nilipenda kutazamwa hivyo na wakubwa. Huo ndio ukweli, na nimeutafutia sababu nyingine miaka yote hii, sikuipata.

Niligonga mara tatu.

Walikuja. Baada ya kimya chote kile, mvua zote zile, maji yalichemka miguuni pangu, migongo juu ya migongo, midomo wazi. Fundi alikuwa sahihi. Katika bonde hili mimi ndiye mtu pekee niliyeliona jambo lile alilotaka kuwaonyesha walimu, na nilipokuwa bado nashangaa, wapishi waliinua wavu waliokuwa wameutega chini. Ndoo tatu. Waliobaki walitawanyika kama changarawe iliyotupwa. Nikaliosha bakuli, nikalirudisha msumarini. Mchana nilikula pamoja na wageni, na nikaongezewa.

Fundi aliporudi, amekonda kwa msiba, alinipa mkono akashukuru kwa kumtunzia. Aliona maji yametulia mno, akauliza. Nilimwambia bwawa lilifurika, huenda baadhi wametoka na maji.

"Lakini hukugonga?"

"Sikugonga."

Lilibaki juma moja kabla ya mkutano. Ningesema kweli siku ile, angekasirika, angeahirisha somo, angeniita majina ya Kindamba nisiyoyajua maana, na Jumamosi ningekaa kwenye kigoda. Sikusema.

Siku ya walimu alivaa shati jipya ndani ya koti la rangi ya chai. Alieleza vizuri, kuhusu taa, sukari na ile tikitiki inayohama, na walimu wakaandika. Kisha akatupeleka ukingoni. Akagonga mara tatu, akahesabu.

Maji yalipasuka mistari midogo mitano au sita, yote ikikimbia kwenda ncha ya mbali.

"Fundi, samaki wako wameenda likizo?" akasema mwalimu mmoja kijana, na wenzake wakacheka. Mwingine, mstaarabu kidogo, akasema, "Wamesahau tu, mzee. Ubongo wenyewe ni kama punje ya mchele."

Fundi aliinua bakuli. Aligonga tena. Mistari ileile, ikikimbia tena kutoka ilikojificha. Akafumba jicho moja. Akashusha bakuli.

"Hawajasahau," alisema. "Aliyesahau hakimbii."

Akageuka akanitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma na sinia la soda. Alinijia mpaka karibu, akaniuliza kwa sauti ambayo walimu hawakuisikia: "Uligonga mara ngapi?"

"Mara moja, Fundi."

"Mara moja inatosha."

Kisha akawarudia wageni. "Walimu, nisameheni. Nimekosea maandalizi." Hakusema zaidi. Wakaenda kunywa soda. Hakuwahi kunitaja kwa mtu yeyote, si kwa mkuu wa shule, si kwa mkewe.

Jumamosi iliyofuata nilipiga kengele mara mbili pale kona. Kigoda kilikuwa chini ya meza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bwana Stoo."

Nikangoja. Halikuja lingine. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchambua. Nikasimama mpaka aibu ikanichosha, nikaaga, akaniitikia vizuri. Mtu wa kwetu hawezi kuikataa shikamoo. Itajibiwa hata na adui. Lakini hakuwa adui. Alikuwa mtu aliyejibu salamu.

Mwaka uliofuata alistaafu. Kabla ya kuondoka alilikausha bwawa akapanda majimbi. Tumeishi mtaa mmoja tangu hapo. Misibani tumekaa mkeka mmoja. Alipofiwa na mke nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na alinishukuru kama alivyowashukuru wengine wote. Mara kadhaa nilitaka kuomba msamaha; nilitunga maneno njiani, nikifika naambiwa marahaba, maneno yanapotea.

Mwaka huu, masika ilipoisha, binti yake alinikuta gengeni. "Baba mdogo, mzee macho yameisha kabisa. Pita umsalimie." Nikaenda mchana uleule. Baiskeli siku hizi naikokota zaidi kuliko kuipanda. Pale kona, bila kufikiri, kidole changu kikapiga kengele mara mbili.

Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona ameketi pale pale, macho meupe yakitazama ukuta, na nikauona mguu wake. Ulikwenda chini ya meza, ukakipata kigoda, ukakisukuma nje.

Nilisimama kizingitini. Moyo wangu ulikimbia kama wa mtoto aliyeitiwa karanga.

"Shikamoo, Fundi."

Mguu ukasimama.

"Marahaba." Akageuza sikio mlangoni. "Bwana Stoo."

"Ni mimi. Fundi, nimekuja kuomba msamaha. Niligonga, nikakuambia sikugonga. Walikuja wote. Ulikuwa sahihi, na niliyeona ni mimi peke yangu."

Uso wake ukabadilika. "Walikuja wote?"

"Wote. Midomo wazi."

Akatabasamu, si kwangu, kwa ule ukuta. "Mwezi wa tatu wa kimya, na mvua," alisema. Alikaa na jambo hilo muda mrefu, na niliona kwamba nilikuwa nimemnyima hata habari hiyo kwa miaka yote. Kisha akasema, "Nilikusamehe siku ileile, Bwana Stoo. Usijisumbue. Hata samaki pengine walikusamehe. Lakini hawakuja."

Na mguu wake, polepole, ukakirudisha kigoda chini ya meza. Sidhani kama alikusudia. Nadhani hakujua.

Nilingoja bado. Baada ya marahaba, kwa miaka zaidi ya ishirini, kulikuwa na "kaa, nikuambie," na masikio yangu hayajaacha kuyasubiri maneno hayo pale pale yalipokuwa yakija. Hayakuja. Nikaaga.

Nilitoa ndoo tatu za perege ili mkuu mmoja, ambaye alihamishwa mwaka uleule na sijamwona tena, anione mtu wa kutegemewa. Zilinigharimu rafiki. Sikupata mwingine.